Bluberi za Uani kwa Dada

Kwa nini mkono uleule wa mama, ukimwaga majivu kutoka kopo lilelile, ulistawisha bluberi uani kwa dada yangu na kuziua kwenye roshani yangu? Mama mwenyewe ndiye aliyeniuliza, akiwa ameketi kwenye kiti changu cha plastiki huko Plano, kaskazini mwa Dallas, na mimi ambaye tangu utoto sikuwahi kukosa la kusema, nilibahatisha majibu matatu, yote yakaanguka.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Mama hupenda kusimulia kwamba kwenye mafundisho ya kipaimara nilimuuliza mchungaji samaki walipona vipi gharika, kama na wao walikuwa wema kuliko watu. Nilivyokua haikupungua. Nilikuja Texas kusoma chuo kikuu, nikabaki, nikapata kazi ya ofisini ya kuchambua takwimu, na kazi hiyo ilinifaa kwa sababu ilikuwa ni kutilia shaka mambo na kulipwa. Sikuamini ndoto, sikuamini kijicho, sikuamini kwamba mtu anaweza kuwa na mkono mzuri wa kupanda na mwingine mkono mbaya. Mmea ni maji, mwanga na udongo. Hayo nilikuwa nikiyasema kwa sauti mezani.

Dada yangu ananizidi kwa miaka mingi kiasi cha kuwahi kunibeba mgongoni. Ni mfamasia, anaishi Sugar Land, kusini-magharibi mwa Houston, kwenye nyumba yenye ua wa nyuma na uzio wa mbao, pamoja na mumewe na watoto wao wawili wa kike. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, huko Kilimanjaro, na dada ndiye aliyemshughulikia makaratasi hadi akaja Marekani kwa ukaazi. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: mama ataishi kwa nani?

Mimi nilikuwa na jibu. Kwetu mlimani mama huzeeka mikononi mwa mtoto wa mwisho. Desturi inasema mtoto wa mwisho wa kiume, lakini wazazi wangu hawakujaliwa mvulana, kwa hiyo nafasi hiyo nilijipa mwenyewe. Desturi karibu zote za kwetu nilikuwa nimezipinga, moja baada ya nyingine, kwa hoja. Hii niliishikilia bila hoja yoyote. Nilikuwa na chumba cha pili kwenye fleti yangu. Nilikuwa nimenunua kitanda, mashuka ya rangi anayoipenda, na sufuria kubwa ya kupikia mtori wa ndizi. Dada ana mume, ana watoto, ana kanisa lililojaa Watanzania. Mimi nilikuwa na chumba.

Mama hakukataa wala hakukubali. Alisema atakaa kwanza kwa dada kipindi cha baridi, halafu aje kwangu kiangazi, “halafu nitaangalia.” Nilijua anaangalia nini. Alipoolewa, bibi mzaa baba alimpa chipukizi la mgomba akalipande nyuma ya jiko. Kila asubuhi mama alichota majivu mekoni akayamwaga shinani. Mgomba ulishika, ukatoa mkungu, na bibi akawaambia majirani kwamba nyumba imempokea. Mama aliishi pale miaka yake yote ya ndoa kwa imani hiyo, kwamba mtu hachagui nyumba, bali nyumba humpokea mtu, na hilo huonekana kwenye mmea unaoshika mkononi mwake. Nilimwambia mara nyingi kwamba mgomba unashika popote penye mvua. Alinijibu kwamba mbona wa mke mwenza wa jirani ulikauka.

Sasa, mwezi Mei wa mwaka ule, kwenye sikukuu ya kina mama ya Wamarekani, nilishuka Houston kumwona. Ni safari ya kuchosha kwa gari, kulia na kushoto ni malori tu. Nilikuwa nimemnunulia viatu laini vya kutembelea. Nilipofika, shemeji alikuwa uani akichoma nyama, akanielekeza uzioni kwa koleo la mkaa.

Kando ya uzio, dada alikuwa na mapipa mawili ya mbao yaliyokatwa nusu, na katika kila moja mche wa bluberi unaonifika kifuani. Mama alikuwa amejifunga kitenge, amevaa kofia ya besiboli ya shemeji, anachuma. Moja kwenye bakuli, moja mdomoni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Njoo uonje zambarau za hawa watu. Ndogo kama kunde, lakini hazikwaruzi ulimi. Fungua mdomo.”

Nilifungua mdomo kama mtoto. Ilikuwa tamu, yenye joto la jua, na ndani yake uchachu kidogo ulionifanya nitake nyingine. Nikaona wivu pale pale, kabla hata sijaimeza. Hakuwahi kunilisha kitu kilichotoka kwenye nyumba yangu.

Kisha akaweka bakuli chini, akachukua kopo la maziwa ya unga ya mtoto lililokuwa nyuma ya pipa, akafungua kifuniko, akaanza kunyunyiza kitu cha kijivu kuzunguka shina.

“Mama, unaweka nini?”

“Majivu. Ya nyama choma ya shemeji yako. Walikuwa wanayatupa kwenye takataka, hebu fikiria.”

“Bluberi haitaki majivu. Inataka udongo wenye tindikali. Majivu yanaiondoa tindikali yote. Utaiua.”

“Nani kasema?”

“Sayansi, Mama.”

“Sayansi ina shamba wapi?”

Shemeji alicheka mpaka akaacha kugeuza nyama. “Shem, jibu hilo. Na sisi tunasubiri.”

“Nimeyaweka tangu nilipokuja,” mama alisema. “Wiki baada ya wiki. Angalia mwenyewe, macho unayo.”

Niliangalia. Majani yalikuwa ya kijani kilichokolea, mengine yana karangi ka buluu kama ngozi ya chuma. Matawi yameinama kwa matunda. Mche mmoja nilidhani umepungua kimo tangu Krismasi, nikauliza, na dada akasema kupitia dirisha la jikoni kwamba aliupogoa. Nilimgeukia yeye. Mfamasia anajua tindikali ni nini.

“Dada, mwambie basi.”

Dada alikuwa anaosha mchele. Hakuinua kichwa. “Mwache mama na bustani yake.”

Bustani yake. Maneno hayo mawili nilitembea nayo siku nzima. Tulikula uani, wajukuu wakimpanda mama magotini na kumjibu Kiingereza kila alipowasemesha Kiswahili, naye akiwaelewa bila shida. Viatu nilivyomletea aliviweka mlangoni, kwenye mstari wa viatu vya familia, pembeni ya kandambili zake zilizokuwa zimeshaanza kulika upande mmoja kwa kukanyaga sakafu ile. Niliona kitenge chake kingine kwenye kamba. Niliona miwani yake juu ya mikrowevu. Vitu vya mtu hujitawanya hivyo pale tu anapokuwa kwake.

Niliporudi Plano nilinunua bluberi.

Sitajifanya kwamba niliipenda bustani. Nilichotaka ni mama aje akute mmea kwenye nyumba yangu, mmea unaozaa, ili akiangalia aone kitu. Nilichagua vyungu vikubwa kuliko mapipa ya dada. Nilinunua miche ya aina mbili tofauti, kwa kuwa moja peke yake haizai vizuri, zinahitaji kubadilishana chavua. Nilijaza vyungu kwa udongo mweusi mwepesi unaouzwa kwenye magunia ya plastiki, nikachanganya na maganda ya msonobari. Maji ya bomba la kwetu ni magumu, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika kama magadi, kwa hiyo nilipanga ndoo kwenye ukingo wa roshani kukinga mvua, na mvua ilipokawia nilitia matone ya siki kwenye maji ya bomba. Nilipima udongo kwa vikaratasi vinavyobadilika rangi. Nilifunika miche kwa wavu ili ndege wasije. Wenzangu ofisini walinionea huruma nilipoanza kuangalia hali ya hewa kama mkulima.

Miche ilikubali. Ilikuja na matunda machanga kutoka dukani na hayakudondoka. Yalipoanza kugeuka kutoka kijani kwenda waridi, nikapiga picha nikaituma kwenye kundi la familia. Dada alijibu kwa moyo mwekundu. Mama alituma ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yake wajukuu walikuwa wakicheka na maji yakimwagika.

“Haya, nimeziona. Nzuri. Ila hazijapata majivu.”

Alikuja mwezi wa Juni. Shemeji alimleta kwa gari, akanywa chai, akageuza siku hiyo hiyo. Mama alipoteremka alikuwa na begi dogo kuliko nilivyotarajia, na mkononi ameshika kopo la maziwa ya mtoto, kifuniko kimezungushiwa utepe.

“Nimekuletea zawadi. Shemeji yako anasema kwenu hapa mmekatazwa kuwasha mkaa.”

Ni kweli tulikuwa tumekatazwa. Kwenye fleti za kwetu huwezi kuchoma hata muhindi nje. Nilipokea kopo kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, nikalinusa bila kukusudia. Lilinuka nyama choma ya nyumba nyingine.

Nililiweka kabatini chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Mama aliniona nikiliweka.

Nilikuwa nimepanga siku zile kama mtu anayepanga harusi. Jumamosi tutakwenda Fort Worth, ambako kuna Warundi na Wakongo wanaoimba misa kwa Kiswahili, ingawa mama ni Mlutheri. Jioni tutapika. Tutatembea na viatu vipya. Lakini Jumatatu nilikwenda kazini, na Jumanne, na nilichokuwa sijakipanga ni saa zote zile za katikati. Mama alikaa roshani akiwaamkia majirani kutoka ghorofa ya pili. Walikuwa wamevaa vidude masikioni. Mmoja alimpungia mkono, na mama akanisimulia habari ya mkono huo mara mbili.

Siku moja nilirudi nikamkuta akizungumza na dada kwa simu, anacheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi, na nilipoingia kikapungua. Akasema, “Haya mama, huyu amerudi. Nitakwambia nikija nyumbani.”

Nyumbani. Akiwa amekaa kwenye kochi langu. Nilisimama na funguo mkononi, nikamuuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya utani, “Nyumbani wapi, Mama? Moshi?”

“Wapi?”

“Umesema ukienda nyumbani.”

“Nimesema?” Aliwaza kidogo. “Si kule kwa dada yako. Wewe na maswali yako. Nenda ukanawe tule.”

Wiki ile ile nilitoka asubuhi nikamwagilie miche, nikaona duara la kijivu kwenye kila chungu. Alikuwa amelitoa kopo chini ya sinki. Majivu yalikuwa yameshaingia na maji, na juu yamebaki kama vumbi la chaki. Nilimsubiri aingie kuoga, nikakwangua kwa kijiko. Nikamwaga ndoo nzima ya maji ya mvua. Nikaongeza siki, na nadhani niliongeza nyingi mno, kwa haraka ya kumaliza kabla hajatoka. Kesho yake duara lilikuwa limerudi.

Ningeweza kumkataza. Nilimkataza kwa namna yangu, nikamweleza kuhusu tindikali, nikamwonyesha vikaratasi vimebadilika rangi. Alivitazama kwa heshima kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

“Kwa dada yako naweka,” alisema.

“Najua, Mama.”

“Na zinazaa.”

“Najua.”

“Basi.”

Hapo ndipo hoja zangu zilipokuwa zikiishia kila mara. Alikuwa na ushahidi. Ungekuwa ushirikina mtupu ningeushinda, lakini alikuwa ameona kwa macho na mimi nilikuwa nimeona pamoja naye.

Majani yalianza kugeuka manjano, mishipa peke yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Kisha kingo zikawa za kahawia. Matunda yaliyokuwa yameanza kuiva yakasinyaa. Mche wa upande wa jua ulikufa kwanza, wa pili ukaufuata, na joto la Dallas la mwezi wa Julai halikumsaidia mtu. Jumapili moja mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akiyaokota majani makavu na kuyakusanya kwenye upande wa kanga, bila haraka, akaniuliza lile swali. Mbona kwa dada yako hazijafa?

“Labda ni joto, Mama. Roshani hii inaangalia magharibi.”

“Kule hakuna joto?”

“Labda maji.”

“Za kule zinakunywa maji ya wapi?”

“Labda, sijui, vyungu. Plastiki inashika joto. Kwao ni mbao.”

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayemsikiliza mtoto akisoma herufi. “Ule mgomba wa bibi yako ulishika kabla mwezi haujaandama,” alisema. “Sikulaumu wewe, mwanangu. Nyumba haikosei adabu. Inasema tu.”

“Nyumba haisemi, Mama. Hii ni fleti ya kupanga.”

“Ndiyo hivyo nami nasema.”

Alirudi Sugar Land kabla Agosti haijafika. Alinikumbatia sana pale chini penye maegesho, akaniachia viazi vilivyomenywa kwenye friji, na akaniambia nisihuzunike, tutaonana kila mwezi. Shemeji alipakia begi. Mama alipanda mbele, akashusha kioo, akashika kidevu changu. Gari lilipogeuka kona nilimwona ameshaanza kuzungumza na shemeji, mkono unachora kitu hewani, na shemeji anacheka.

Kilichofuata kwangu kilikuwa wivu wa aina ambayo sikuwa nimeijua. Nilikuwa nimewahi kuwaonea watu wivu wa kazi, wa wachumba, wa pasipoti. Huu ulikuwa wa mimea. Nilikuwa nikiendesha gari kwenda kazini naona mapipa yale mawili. Nilikuwa nikisikiliza mkutano nawaza majani ya buluu. Dada alituma picha ya mama akimwagilia, na nikaikuza kwenye simu nione shina kama lina kijivu. Lilikuwa nacho. Nikaikuza zaidi nione majani. Yalikuwa mazima.

Nilijaribu kufanya nilichosomea. Nilisoma kila nilichoweza kuhusu bluberi. Kila mahali waliandika jambo moja, majivu ni sumu kwake. Hakuna aliyeongeza, “isipokuwa Sugar Land.” Nikawaza pengine mkaa wa shemeji ni wa aina nyingine, lakini majivu yaliyoua yangu yalitoka kwenye jiko lake hilo hilo. Nikawaza mvua za Houston zinayasafisha. Mvua gani, mwaka ule ulikuwa mkavu.

Sikukuu ya Shukrani nilishuka tena. Wote walipokuwa ndani wakibishana kama bata mzinga anafaa kupikwa pilau, nilitoka uani na mfuko mdogo wa plastiki, nikachimba kwa kidole kwenye pipa la kushoto, chini ya majivu ya wiki hiyo, nikachukua udongo. Nilijifungia bafuni, nikachanganya na maji kwenye kikombe cha mswaki, nikachovya kikaratasi. Rangi iliyotokea ilikuwa ile ile kamili ambayo vitabu vinaitaka. Nikachovya kingine. Vile vile. Udongo uliokuwa ukimwagiwa majivu karibu mwaka mzima ulikuwa mchachu kama umetolewa kwenye gunia jana.

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea nikiangalia karatasi ile. Nilichohisi sikitaki, lakini nitakisema. Nilihisi kwamba kuna kitu kinaitwa baraka, kwamba kipo kweli, na kwamba mama alikibeba kwenye mkono wake akampelekea dada, na kwangu alikuja mkono mtupu. Miaka yote ya kuuliza maswali, nikaishia bafuni nikiamini jambo ambalo bibi yangu angeweza kuniambia bure. Na hata katika kuamini sikupata nafuu, maana hiyo baraka ilikuwa ya mtu mwingine.

Nilimkabili dada jikoni, wengine walipohamia sebuleni kutazama mpira.

“Unafanya nini?”

“Nafanya nini na nini?”

“Bluberi.”

“Namwagilia.”

“Mama anamwaga majivu.”

“Anamwaga.”

“Na hazifi.”

“Unaziona zimekufa?” Alikuwa anafunika chakula kilichobaki. Alibana karatasi ya aluminiamu kwenye kingo za sinia, pande zote, polepole, kuliko ilivyohitajika. “Mdogo wangu, si kila kitu unakipima.”

Nilimjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo kwa mwenye vitu vyote. Alinitazama kidogo kama anayetaka kuongea, kisha mtoto wake akaingia kuomba keki, na hapakuwa na la zaidi. Maneno yale niliyachukua kuwa kebehi ya mshindi. Niliyarudia njia nzima ya kurudi, pamoja na majibu mazuri ambayo sikuyatoa.

Mama hakutangaza uamuzi wowote. Ulijitangaza wenyewe. Chumba cha wageni kwa dada kilipakwa rangi. Barua zake za hospitali zikawa zinafika pale. Akaingia kwaya ya kina mama, akapata rafiki Mkenya wa kubishana naye jinsi ya kupika ndizi, akapata duka huko Alief, mtaa wa Houston, ambako muuzaji humwekea majani ya muhogo. Watu wakiniuliza mama yako yuko wapi nilisema yuko Houston, na wengi walidhani yupo kwa matembezi, nami sikuwasahihisha. Kitanda cha chumba cha pili nilikiuza. Kwenye vile vyungu nilipanda pilipili, ambazo hazijali majivu wala siki wala mtu.

Tulibaki kuwa familia nzuri, nisieleweke vibaya. Nilikwenda karibu kila mwezi. Mama alinichumia bluberi kila msimu akazigandisha kwenye mifuko, kila mfuko umefungwa kwa fundo ambalo ni yeye tu anayejua kulifungua, na nilizila Plano asubuhi na uji wa shayiri, baridi kama changarawe. Zilikuwa tamu. Hilo nalo liliniudhi. Mara nyingine aliniambia kwa upole, bila mtu kumuuliza, kwamba siku nitakapokuwa na nyumba yangu yenye ardhi atakuja kupanda. Nikajibu Inshallah, kwa mzaha wa Kilutheri, na tukacheka.

Miaka ilipita. Mjukuu mkubwa alianza kuendesha gari. Kisha baba mkwe wa dada akafariki huko Mbeya, na dada na mumewe wakalazimika kusafiri kwenda kuzika. Niliomba ruhusa kazini nikaja kukaa na mama na wajukuu. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa naye bila dada tangu kile kiangazi cha roshani, na nitakubali kwamba katika msiba wa watu nilifurahi.

Mimi ndiye niliyewapeleka uwanja wa ndege. Shemeji alikaa mbele, amechoka, macho yamevimba. Dada nyuma alikuwa amelala, au amefumba macho. Tulipokuwa tumekwama kwenye foleni, shemeji alisafisha koo.

“Shem, kuna kazi moja ya nyumbani hatujakukabidhi.”

“Taka hutolewa Jumanne. Dada ameniambia.”

“Siyo taka.” Alitazama nyuma, akahakikisha. “Pipa la kulia, majani yameanza manjano. Halifiki wiki mbili lile. Ukitoka kule barabara ya kwenda Alief, kuna wanaouza miche. Waambie unataka wa kimo cha mtu kifuani, wanatujua. Upande mama akiwa kanisani, na udongo ubadilishe wote hadi chini, usiache hata wa kiganja. Akisema umepungua, mwambie umeupogoa.”

Nilimuuliza tangu lini. Nadhani gari la nyuma lilipiga honi, kwa sababu nakumbuka nikisogea bila kujua.

Tangu mwezi wa kwanza wa mama nyumbani kwao, alisema. Ile miche miwili ya mwanzo, aliyoipanda dada mwenyewe miaka kadhaa kabla, ilikufa kabla ya Machi ya mwaka ule, na dada alilia gereji, akasema mama akiiona atasema nyumba imemkataa na ataomba kwenda kwangu. Tangu hapo, hakuna mche hata mmoja uliowahi kumaliza mwaka kwenye mapipa yale.